Utunzaji wa Ngozi na Nywele kwa Vitu vya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Dar es Salaam

Je, kitu kikiwa cha asili, si ni salama moja kwa moja?

Hapana. Utomvu wa mnyaa unaopandwa kuwa ua wa nyumba ni wa asili, na ukiingia jichoni unaweza kuliharibu vibaya. Mbegu ya mnyonyo ni ya asili, na ndani yake mna sumu kali. Juisi ya ndimu nayo ni ya asili, lakini ikikutana na jua juu ya ngozi huunguza. Kinachoamua usalama ni kemikali iliyomo, ukali wake, muda inaokaa mwilini na hali ya ngozi inayopakwa. Majibu yaliyo hapa chini yanafuata msimamo huo: baadhi ya vitu vya jikoni na sokoni vinafaa sana, vingine havidhuru wala havisaidii kwa kiasi cha kutajika, na vingine havipaswi kabisa kugusa uso wa mtu.

Kabla ya kupaka kitu kipya usoni au kichwani, paka kidogo upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, kwa muda wa siku saba. Mzio wa ngozi mara nyingi haujitokezi siku ya kwanza, kwa hiyo mtu anayejaribu kwa dakika kumi kisha akapaka uso mzima hajajaribu chochote.

Utaratibu gani wa kila siku unafaa kwa ngozi katika joto na unyevu wa Dar es Salaam?

Ngozi inahitaji mambo matatu tu: kusafishwa bila kuchubuliwa, kubakishiwa unyevu wake, na kukingwa na jua. Osha uso mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, hasa ukirudi nyumbani kutoka kwenye daladala na vumbi la barabarani. Tumia maji ya kawaida na sabuni laini isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche, ambayo watu wengi huitumia kuogea kwa sababu ni nafuu, imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, ilhali sabuni hiyo ina magadi mengi, na ndiyo maana mtu akitoka kuoga huhisi uso umekazwa na baada ya muda miguu hupauka.

Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wengi wetu huoga mara mbili au tatu kwa siku, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya uko katika kujipaka sabuni mwili mzima kila mara. Bafu la pili na la tatu lihitaji sabuni kwenye makwapa, kinena na miguu tu, na sehemu nyingine zitosheke na maji. Dodoki litumike mara moja au mbili kwa wiki, kwa mkono mwepesi, kisha lianikwe juani likauke kabisa, kwa sababu dodoki linalobaki bafuni likiwa limelowa huota ukungu na bakteria. Kila mtu katika nyumba awe na lake.

Mafuta yapakwe ndani ya dakika chache baada ya kujifuta, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke, kwa hiyo ukisubiri mpaka ngozi ikauke kabisa umechelewa. Mwenye ngozi kavu anaweza kutangulia na glisalini iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya glisalini kwa sehemu mbili au tatu za maji, kwa kuwa glisalini huvuta unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha kuvutwa.

Jambo la tatu, kinga ya jua, ndilo linalopuuzwa zaidi. Jiji letu liko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba. Kofia pana, mwavuli, kanga iliyotandwa vizuri na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ni kinga halisi isiyohitaji pesa nyingi. Anayemudu krimu ya kukinga jua achague yenye namba 30 au zaidi na airudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Mafuta ya nazi, mafuta ya karoti na siagi ya shea havitoi kinga ya jua ya kutegemewa, haijalishi muuzaji anasema nini. Hili lisisitizwe hasa kwa watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la saratani ya ngozi: wao wanahitaji krimu halisi, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili yao, pamoja na nguo za mikono mirefu, na hakuna mafuta ya nyumbani yanayoweza kuchukua nafasi hiyo.

Maji ya kisima yenye chumvi yanaharibu ngozi na nywele?

Hayaharibu moja kwa moja, lakini yanasumbua. Visima vingi vilivyochimbwa jijini vina maji ya chumvi au maji magumu yenye madini mengi. Sabuni haitoi povu zuri katika maji hayo, mtu huongeza sabuni zaidi, na madini huungana na sabuni yakaacha utando mweupe unaowasha ngozi na kuzifanya nywele ziwe ngumu na zisizong'aa. Dawa yake ni kupunguza sabuni na kumalizia kwa maji laini, ambayo yanaweza kuwa ya bomba au ya mvua. Wakati wa masika kinga maji ya mvua baada ya mvua ya mwanzo kuliosha bati, yahifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, na uyatumie kusuuzia uso na nywele. Kwa nywele pekee, kijiko kimoja cha mezani cha siki katika lita moja ya maji husaidia kuondoa utando huo. Mimina, subiri dakika moja au mbili, kisha suuza tena. Siki isiyozimuliwa isipakwe kamwe.

Ni mafuta gani ya asili yanayofaa, na je, mafuta ya nazi yanafaa kwa kila kitu?

Mafuta ya nazi ni hazina ya pwani, na kwa nywele sifa zake zimethibitishwa. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo umbo lake huiwezesha kupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu, na hivyo kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha na kuchana. Kwa mikono, miguu na mwili mkavu yanafaa pia. Kwa uso wenye chunusi hayafai, kwa sababu huziba vitundu vya ngozi. Mtu mwenye uso wa mafuta anayejipaka mafuta ya nazi kila usiku na kujiuliza kwa nini chunusi haziishi, aanze kwa kuyaacha kwa wiki sita aone tofauti.

Mafuta ya alizeti, yale yanayokamuliwa Singida na Dodoma na kuuzwa katika kila soko, hayapewi heshima yanayostahili. Yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huihitaji kujenga ukuta wake wa nje, na ni mepesi kuliko ya nazi. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaona bora kwa sababu ni ghali, yana asidi ya oleiki nyingi inayoweza kuudhoofisha ukuta huo kwa watu wenye ngozi kavu au wenye pumu ya ngozi. Mafuta ya mgando hayatoki shambani, lakini haki lazima itendeke: kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi ni machache sana yanayoyafikia, hayachachi, na bei yake ni nafuu.

Kuhusu kujitengenezea mafuta ya nazi, zikune nazi zilizokomaa kwa mbuzi, kamua tui zito kwa maji kidogo ya vuguvugu, liache litulie usiku kucha, kisha engua sehemu nzito iliyopanda juu. Ichemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka maji yote yakauke, mafuta yajitenge na mabaki yageuke rangi ya kahawia. Chuja kwa kitambaa safi kikavu na utie kwenye chupa kavu. Tone la maji likibaki ndani, mafuta yatachacha mapema. Kwa anayenunua mafuta ya nazi ya kupima ambayo hayana lebo, kuna jaribio rahisi: yatie kwenye friji. Mafuta halisi ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo yakibaki maji kwenye friji, yamechanganywa na kitu kingine.

Naweza kupaka ndimu au limau kuondoa madoa meusi?

Tafadhali usipake. Juisi ya ndimu ni kali mara nyingi kuliko uchachu wa kawaida wa ngozi, na ina kemikali zinazoitwa furanokumarini ambazo, zikipigwa na jua, huunguza ngozi. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, wakati mtu ameshasahau kwamba alikamua ndimu, kisha hufuatwa na alama nyeusi zinazoweza kukaa kwa miezi. Hata anayekamua ndimu nyingi kwa ajili ya juisi na kwenda kuuza juani anapaswa kunawa mikono kwa sabuni kwanza. Katika jiji lenye jua kama letu, dawa hii inazalisha madoa inayodaiwa kuyaondoa. Magadi soda yanayochanganywa na ndimu ili "kusugua" uso huongeza jeraha juu ya jeraha.

Basi madoa meusi yaliyoachwa na chunusi yataondokaje?

Ngozi nyeusi ikiumia huzalisha melanini zaidi mahali palipoumia, na alama hiyo hufifia yenyewe kwa muda wa miezi, mara nyingine zaidi ya mwaka, ilimradi kidonda kisirudiwe na jua lisikichochee. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutibu chunusi zenyewe, ya pili ni kuacha kuziminya, na ya tatu ni kinga ya jua. Shubiri na asali hutuliza ngozi lakini hazifuti alama kwa kasi. Anayetaka msaada zaidi amuulize mtaalamu wa ngozi au mfamasia kuhusu krimu yenye asidi ya azelaiki.

Je, kuna mkorogo wa asili usiokuwa na madhara?

Hakuna. Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe zaidi ya mahali pengine popote. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi, unaouzwa mitaani, hata ukiitwa wa karoti, wa manjano au wa papai, ukimtakatisha mtu ndani ya wiki moja au mbili, una kitu kisichotajwa. Kwa kawaida kitu hicho ni hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na mara nyingine vyote kwa pamoja. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi, huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliiwekea mipaka katika vipodozi kwa sababu hiyo. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, huleta michirizi, chunusi na fangasi wasioisha, na hufanya hata kidonda cha upasuaji kiwe kigumu kushona na kupona. Hidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka hugeuza mashavu yawe na weusi wa kibluu usiotibika kirahisi, na vifundo vya vidole hubaki vyeusi wakati mikono imekuwa myekundu.

Viambato hivi vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Nunua kipodozi chenye lebo inayosomeka, orodha ya viambato, tarehe ya kuisha na jina la mtengenezaji. Aliyekwisha kutumia mkorogo kwa muda mrefu asione haya kwenda hospitali: kuacha steroidi ghafla kunaweza kuufanya uso uwashe, uwake na kutoka vipele, na wengi huurudia mkorogo kwa sababu hiyo, wakidhani ngozi yao "imeuzoea", kumbe walihitaji daktari wa kuwasimamia katika kuacha.

Vipi kuhusu liwa, manjano na singo?

Urembo huu wa pwani una nafasi yake, na ni vyema ukaendelea. Liwa iliyosagwa kwenye jiwe na kuchanganywa na marashi ya waridi hupoza ngozi na kunyonya mafuta usoni. Singo anayosuguliwa bibi harusi, yenye maua na manukato, huondoa taka za ngozi iliyokufa na kuuacha mwili laini. Manjano yana kurkumini, ambayo hupunguza uvimbe, ingawa kiasi kinachopenya ngozini kutokana na unga wa jikoni ni kidogo, na rangi yake hubaki kwenye uso na mito kwa siku kadhaa. Masharti ni machache: tumia mara moja kwa wiki na si kila siku, usisugue ngozi yenye chunusi zilizovimba, osha kabla haijakauka mpaka ikapasuka usoni, na nunua liwa au manjano mazima uyasage mwenyewe, kwa kuwa unga uliokwisha kusagwa ni rahisi kuchanganywa na rangi.

Shubiri na mwarobaini vinatumiwaje kwa usahihi?

Jani la shubiri lina vitu viwili tofauti. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, ule mchungu ambao akina mama huupaka kwenye chuchu wanapomwachisha mtoto ziwa, na huo huwasha ngozi. Katikati kuna ute unaong'aa, na huo ndio unaotakiwa. Kata jani, lisimamishe kwenye chombo kwa dakika kumi na tano hivi utomvu uchuruzike, osha, menya, ndipo uchukue ute. Unafaa kwa ngozi iliyoungua na jua na kwa muwasho wa baada ya kunyoa. Haufai kwa jeraha kubwa la moto, ambalo linahitaji kumwagiliwa maji safi ya bomba kwa dakika ishirini na kupelekwa hospitali.

Mwarobaini hupambana na baadhi ya bakteria na fangasi, na maji ya majani yake yaliyochemshwa na kupozwa yanaweza kuogewa. Mafuta yake ni makali na yazimuliwe katika mafuta mengine. Asinyweshwe mtoto kwa namna yoyote, kwani kunywa mafuta ya mwarobaini kumewahi kusababisha degedege na kuharibika kwa ubongo kwa watoto wadogo.

Natoka harara shingoni na mgongoni kila msimu wa joto. Nifanye nini?

Harara hutokea njia za jasho zinapoziba. Kupaka mafuta mazito juu yake kunazidi kuziziba, na poda ikichanganyika na jasho hugeuka uji kwenye mikunjo ya shingo. Oga maji ya baridi, jifute kwa kugandamiza, vaa pamba nyepesi, lala penye upepo, na upake kalamini. Siku chache zinatosha.

Dawa ya meno inakausha chunusi?

Inakausha ngozi yote inayoizunguka, kisha inaacha doa. Chunusi husababishwa na mafuta ya ngozi, vitundu vilivyoziba, bakteria na homoni, wala si uchafu, kwa hiyo kuziosha mara tano kwa siku hakusaidii. Kwa chunusi za kawaida, benzoili peroksaidi ya asilimia mbili na nusu kutoka duka la dawa, ikipakwa kidogo usiku, inazishinda dawa zote za jikoni ninazozijua. Matokeo huonekana baada ya wiki sita hadi nane. Angalia pia mafuta ya nywele yanayochuruzika kwenye paji la uso, kwani chunusi nyingi za pajini chanzo chake ni hicho.

Nywele za asili zioshwe mara ngapi, na kwa utaratibu gani?

Kwa mtu anayetoka jasho kila siku kama sisi, mara moja kwa wiki ni kipimo kizuri, na kwa mwenye rasta au mabutu isizidi wiki mbili. Nywele zetu zimejipinda, na kila penye pindo ni mahali dhaifu panapoweza kukatika. Mafuta ya asili ya kichwani nayo hayawezi kuteleza mpaka ncha. Utaratibu wote unajengwa juu ya mambo hayo mawili.

Usiku wa kuamkia kuosha, au angalau saa moja kabla, gawanya nywele katika mafungu manne hadi sita na upake mafuta ya nazi kuanzia katikati hadi ncha. Siku ya pili osha kwa shampuu laini, ukisugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole na si kwa kucha, na uliache povu lishuke lenyewe kwenye nywele. Kisha tia kondishina kwa wingi, na nywele zikiwa bado zimelowa na zinateleza, zichambue kwa vidole, halafu kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia ncha kuelekea kwenye shina. Kuchana nywele kavu kuanzia kwenye shina ndiko kunakozikata, na ndipo mtu husema nywele zake "hazikui". Jifute kwa fulana ya pamba badala ya taulo lenye mikwaruzo. Malizia kwa mafuta kidogo, sukia mabutu au mafundo, na ulale na kilemba cha satini, kwa sababu pamba ya foronya hunyonya unyevu wa nywele usiku kucha.

Parachichi, yai na mtindi hulainisha kwa muda mfupi. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, kwa hiyo isitegemewe kurekebisha nywele zilizoharibika. Anayelitumia aoshe kwa maji ya baridi, maana maji ya moto hulipika kichwani, na kulitoa baada ya hapo ni kazi ya nusu siku.

Je, mafuta ya mnyonyo na maji ya kitunguu hukuza nywele haraka?

Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na mwendo huo huamuliwa na urithi, umri, lishe na afya. Mafuta ya mnyonyo ni mazito na hupunguza kukatika, kwa hiyo urefu huonekana zaidi, lakini hayaongezi kasi ya ukuaji. Yachanganywe na mafuta mepesi, kwani yakipakwa kwa wingi yanaweza kuzifunga nywele zikawa fundo lisilofunguka. Asitokee mtu wa kuzitwanga mbegu zake nyumbani. Maji ya kitunguu huwasha ngozi ya kichwa na hunuka. Sioni sababu ya kuyavumilia. Aliyejifungua karibuni na kuona nywele zikitoka kwa wingi baada ya miezi mitatu hivi ajue kwamba ni jambo la kawaida na zitarudi.

Nywele za pembeni zimeanza kupukutika kutokana na kusuka. Zitarudi?

Zitarudi ukiwahi. Mvutano wa muda mrefu huchosha shina la unywele, na mwanzoni huonekana kama vipele vidogo na maumivu kwenye mstari wa mbele. Katika hatua hiyo fumua, pumzisha kichwa kwa miezi kadhaa, acha wivingi na nywele za bandia nzito, na usiweke dawa ya kulainisha. Mvutano ukiendelea kwa miaka, kovu hujengeka na nywele haziwezi kuota tena. Msusi akikuambia kwamba lazima kichwa kiume ili msuko udumu, mwombe alegeze mstari wa mbele, na asipokubali tafuta mwingine. Kwa watoto wa kike wa shule hili lina uzito zaidi, kwa sababu wao hawawezi kumkatalia msusi. Ni mama au shangazi aliyekaa pembeni anayepaswa kusema.

Nitajuaje kama ni mba au mapunye?

Mba huwasha na kutoa unga mweupe kichwa kizima, bila nywele kukatika. Hutokana na fangasi wanaoishi kwenye kila kichwa na kula mafuta, na ndiyo maana kupaka mafuta kwenye mba huuficha kwa siku moja na kuulisha kwa wiki nzima. Shampuu yenye ketokonazoli mara mbili kwa wiki, ikiachwa dakika tano kabla ya kusuuzwa, hufanya kazi nzuri.

Mapunye huwapata zaidi watoto, nayo huacha duara zisizo na nywele au zenye vijinywele vilivyokatika kama nukta. Dawa ya kupaka, iwe ya asili au ya dukani, haifiki ndani ya shina la unywele. Mtoto anahitaji vidonge kama griseofulvini kwa wiki sita hadi nane kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, na vitana, kofia na mashine za kinyozi zisichangiwe.

Hina na piko vina tofauti gani?

Hina hutoka kwenye majani ya mhina, hupaka rangi ya machungwa inayogeuka kuwa nyekundu ya kahawia, na huhitaji saa kadhaa kukolea. Kwa watu wazima wengi ni salama. Piko ni rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, na inapochorwa maua kwenye mikono ya bibi harusi hupakwa kwa ukali ambao haukukusudiwa kwa ngozi. Inaweza kuleta malengelenge, makovu na mzio wa kudumu, ambapo mtu hawezi tena kupaka rangi ya nywele maisha yake yote bila uso kuvimba. Rangi nyeusi inayokolea ndani ya saa moja si hina, hata ikiuzwa kwa jina hilo. Watoto wachanga wasipakwe hata hina halisi: mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana katika maeneo yenye malaria kama yetu, anaweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu kwa kupakwa hina.

Mtoto mchanga apakwe nini?

Apakwe kidogo tu. Maji, sabuni laini kiasi, na mafuta ya alizeti au ya nazi safi vinatosha. Poda isimwagwe karibu na uso wake, kwani huivuta kwenye mapafu. Wanja wa manga usiwekwe machoni, maana aina nyingi zina madini ya risasi yanayodhuru ubongo.

Vipele vya ndevu na vya kisogoni vinazuilikaje?

Unywele uliojipinda ukikatwa karibu sana na ngozi hurudi ndani na kuifanya ivimbe. Usinyoe mpaka chini. Acha milimita moja, nyoa kwa kufuata unywele ulikolalia, na ulainishe ndevu kwa maji ya vuguvugu kabla. Spiriti baada ya kunyoa inazidisha muwasho. Vipele vya kisogoni vinavyokuwa vigumu vipelekwe kwa daktari mapema, kabla havijageuka kovu kubwa.

Magaga ya miguu je?

Loweka miguu kwa dakika kumi na tano, sugua taratibu kwa jiwe, kausha, paka mafuta ya mgando na uvae soksi za pamba usiku. Mwenye kisukari asijisugue wala kujikata. Ufa mdogo kwake unaweza kuwa kidonda kisichopona.

Mchanganyiko wa nyumbani hukaa muda gani?

Chochote chenye maji, ute wa shubiri, tunda, mtindi au tui kikae kwenye friji kwa siku mbili au tatu tu, kisha kimwagwe. Umeme ukikatika usiku mzima, usikitegemee. Mafuta matupu hukaa miezi kadhaa mahali penye giza. Yakinuka uchachu, yamekwisha.

Ni wakati gani niache dawa za nyumbani na kwenda hospitali?

Nenda ukiona malengelenge, uvimbe wa uso au midomo, usaha, homa, doa lisilo na hisia, kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, alama inayobadilika umbo au rangi, au nywele zinazotoka kwa mabaka. Doa lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, ambao unatibika na dawa zake hutolewa bure. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kinaweza kukupa rufaa ya kumwona daktari wa ngozi, kwa mfano Muhimbili. Beba vyombo vya kila ulichokuwa unapaka, pamoja na kile cha mkorogo ambacho hakina lebo, na umwambie daktari umekitumia kwa muda gani, kwa sababu matibabu hutegemea jibu hilo.